Mawardi Ndani ya Rejeta

Siku saba mmebishana ni mkono wa nani ule tuliouacha kwenye gari la Nabiha. Haya, utazameni vizuri: una hina.

Nabiha aliudaka pale pale juu ya boneti, akaubana kwa nguvu zote za mwezi mzima wa kushuku. Jina la shemeji yake, Mzamil, alikuwa keshaliweka tayari mdomoni, lataka kurushwa tu. Likamganda. Mkono ule ulikuwa mwembamba, wa mtu mzima, na kidoleni una pete ya fedha inayojulikana mtaa mzima wa Ndia Kuu.

Mkono wa Bi Tumu. Mama mzaa mume wake.

"Mama! Ni wewe?"

"Niachilia, mwanangu, wanivunja."

"Ni wewe unayeninyonyea maji ya gari? Mwezi mzima?"

"Aka! Mimi kunyonya? Mimi natia! Hebu tazama mkono wa pili."

Mkono wa pili ulikuwa na birika.

Aliyeikosa habari hii tangu mwanzo asipotee. Nabiha ni mjane. Muhdhar mumewe alipofariki alimwachia Probox nyeupe, na Nabiha akaingia kazi ambayo hakuna mwanamume wa Mji wa Kale angeweza kuifanya: kubeba wanawake peke yao. Bibi harusi aliyekwisha kupambwa, somo wake anayemfunda, wapaka hina, mabinti wanaorudi kwenye kesha la harusi na nywele wazi chini ya buibui. Nyumba zilizokuwa hazimwamini dereva yeyote zilimpigia Nabiha.

Basi gari likaanza kunywa maji. Anatia asubuhi, jioni rejeta iko nusu. Chini pakavu. Limechemka mara tatu, na mara ya mwisho ni pale Kibarani, bibi harusi ndani, mvuke umepanda kama wa sufuria ya biriani. Na ule mvuke ulinukia marashi. Bibi harusi mwenyewe alisema, "Dada, injini yako imetiwa nini?" Tangu siku hiyo Nabiha hakulala usingizi wa maana.

Kwa sababu kulikuwa na shemeji. Mzamil, mdogo wake marehemu, aliyekalia kitabu cha umiliki wa gari kabatini mwake na kuimba wimbo mmoja: injini imekufa, tuiuze. Mnunuzi alikuwa tayari. Sheikhan wa Biashara Street, mwenye magari kumi na mawili ya harusi, ambaye lile la kumi na tatu lilimkosesha raha. Jumatano familia ilikaa ikakata shauri: Ijumaa kabla ya Magharibi, kama hakuna fundi aliyeutaja ugonjwa wa gari kwa jina lake, Nabiha aweke ufunguo mezani.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo. Wanaume wako msikitini, kichochoro kitupu. Nabiha alijificha nyuma ya mlango amkamate Mzamil, akamkamata mama yake.

"Watia maji gani, mama?"

"Ya kisimani. Nayasomea Ayatul Kursi, natonesha na mawardi kidogo, marashi ya waridi. Kila siku, tangu ile arobaini ya mwanangu." Bi Tumu alikaza buibui. "Macho ya watu ni mabaya, Nabiha. Mwanamke na gari lake! Kwani wadhani hawakutazami? Nikasema maji ya kusomewa siyamwagi chini pakanyagwe. Nayatia mle ndani, mna kifuniko, mna usafi wake."

"Na mbona hukunambia?"

"Dua ya siri ndiyo dua."

Nabiha alitaka kucheka, akataka kulia, yote yakashindwa na hesabu moja iliyompanda kichwani. Yeye anatia asubuhi. Mama anatia birika zima kila adhuhuri. Na bado rejeta haijai.

Sasa haya yote yanakwenda wapi?

Halafu kuna jambo la pili, la chumvi. Kisima cha nyumba ile kina maji magumu, ukiogea sabuni haitoki povu. Na msimcheke Bi Tumu kwa kuyatia garini. Mfereji wake una kutu ya kukosa kazi. Kuna waheshimiwa waliosimama uwanjani Mama Ngina, vipaza sauti vimewaelekea, wakaapa kwamba mwaka hautaisha kila nyumba kisiwani haijapata maji matamu. Miaka imeisha, imeisha tena. Wao wanachimbiwa visima vya mashine uani mwao, sisi tunakoga chumvi. Waliosahau wasahau. Tuko tunaokumbuka hata rangi ya kofia walizovaa.

"Ingia garini, mama," Nabiha alisema. "Tunakwenda kwa fundi, sisi wawili, na birika lako."

* * *

Gereji ya Mutunga iko nyuma ya Makupa, kibanda cha mabati na mkeka wa maboksi chini. Mutunga ni Mkamba. Alikuja pwani kijana kufunga makasha ya meli, akaachishwa yeye na wenzake kwa barua ya mistari mitatu, akaamua kwamba tangu siku hiyo atafanya kazi na vitu visivyosema uongo. Injini, husema, haina barua.

Probox iliingia mshale wa joto ukiwa umeshaanza kupanda. Kabla Nabiha hajazima, pikipiki ikasimama nyuma yake. Mzamil akashuka, kanzu ya Ijumaa bado mwilini, mkufu wa saa unang'aa.

"Shemeji, watoroka? Leo ni leo."

"Nimekuja kwa fundi. Si ndivyo mlivyotaka?"

"Fundi! Nimewaambia, silinda hedi, kile kichwa cha injini, imekwenda. Gasketi inayokiziba imeungua. Sheikhan mwenyewe kasema, na yeye anajua magari. Ngojani niwaonyeshe." Akafungua boneti, akatoa kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"TOA MKONO!"

Mutunga alikuwa chini ya pikapu ya kando. Sauti ndiyo iliyotoka kwanza, kisha yeye. Alimvuta Mzamil kwa kola ya kanzu hadi akakaa kwenye tairi bovu.

"Unataka kuungua uso? Maji ya mle yamechemka na yamefungiwa. Ukifungua tu yanakurukia. Nimemwona mtu akiharibika sura kwa kifuniko kama hicho."

"Umeniharibia kanzu!"

"Kanzu inafuliwa. Hili gari halifunguliwi mpaka lipoe. Nusu saa."

"Hatuna nusu saa!" Mzamil akatazama saa. "Alasiri hiyo yaja."

Nabiha alimtazama yeye. Mbona haraka hii, na Magharibi bado mbali? Mtu anayeamini injini imekufa, ana haraka gani ya kuizuia isipimwe?

Walingoja. Bi Tumu alikalia kibao, birika mapajani. Mutunga hakungoja mikono mitupu. Akachomoa kijiti cha mafuta, akakifuta, akakichovya tena, akakipeleka mwangani.

"Njoo uone, Bi Nabiha. Ukiona mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia. Haya yakoje?"

"Meusi."

"Meusi, safi. Basi gasketi haijaungua mpaka hapo." Akamwashia gari kidogo, akaenda nyuma akaweka kiganja kwenye bomba la moshi, akanusa. "Moshi mweupe hakuna. Maji hayachomwi ndani." Akamgeukia Mzamil. "Huyo Sheikhan wako aliyesema silinda hedi, alifungua nini?"

"Hakufungua. Anajua kwa sauti."

"Aaa! Kwa sauti." Mutunga akacheka kama anayekohoa. "Mimi nimekaa na injini miaka ishirini na mbili, bado nafungua."

Bi Tumu akamwambia mwanawe pole pole, "Mzamil, keti uwe na adabu."

Nusu saa ilipotimia Mutunga alifungua kifuniko robo, akaacha kipumue, kisha akakitoa. Akachungulia. Akanusa. Uso ukamkunjamana.

"Hii ni nini? Harusi?"

Nabiha akamweleza. Kisima, mawardi, na dua. Bi Tumu alijiinamia, na sauti ikamtoka ndogo: "Fundi, nambia kweli. Ni mimi niliyeliua gari la mwanangu?"

Mutunga akainamia tena mdomo wa rejeta. Alichovya kidole, akakifuta kwenye suruali, akamzuia Nabiha aliyetaka kuonja: "Usitie mdomoni, mna dawa ya zamani humu, ni sumu." Kisha akasema, "Mama, maji ya chumvi na chuma havipatani. Dua ibaki kwa dereva. Injini tuipe maji safi na dawa yake."

"Mmesikia!" Mzamil akaruka. "Mama ameliua! Kutu imekula injini yote. Shemeji, ufunguo."

Bi Tumu akajifunika uso kwa ncha ya buibui.

Kama kuna siku Nabiha alimchukia mtu, ni dakika ile. Akaufumbata ufunguo kiganjani. "Fundi hajalitaja jina la ugonjwa. Kaa."

Mutunga alileta pampu ya mkono yenye saa ya kupimia, akaifunga mdomoni mwa rejeta badala ya kifuniko. Akapampu mara kumi na tatu. Mshale ukapanda, ukasimama.

Wote wanne waliukodolea macho ule mshale.

Ukasimama. Ukasimama. Kisha ukashuka unywele mmoja.

"Tundu liko," Mutunga alinong'ona. "Dogo. Linavuja likishindiliwa tu. Ndiyo maana gari likilala halitoni." Akalala chini, akapapasa mipira, akapapasa rejeta, akapapasa pampu ya maji. Kukavu. Akapampu tena. "Liko nyuma, upande wa bomba la moto linalotoa moshi injinini, jicho langu halifiki. Nani ana kioo?"

Kazi ya Nabiha ni kubeba wapambaji. Alifungua kisanduku cha gari akatoa kioo cha wanja, kile cha kukunja. Mutunga akamwachia nafasi.

"Mkono wako ni mdogo kuliko wangu. Utie hapo kati. Nitamulika. Niambie unaona nini."

Nabiha alisukuma mkono hadi kiwiko. Chuma kilikuwa bado na uvuguvugu. Kiooni aliona giza, akaona waya, kisha akaona kitu cheupe.

"Pana kama... kifuniko cha kopo. Kimepachikwa ubavuni mwa injini. Na pana weupe umetiririka chini yake, kama machozi yaliyokauka."

"Chumvi!" Mutunga alipiga paja. "Hapo hapo! Kifuniko hicho ndicho kinachoziba njia ya maji. Maji yanatoka pale kidogo kidogo gari likipata moto, yanaangukia bomba la moto, yanakuwa mvuke. Huoni tone chini, wapi! Yanakwenda hewani na mawardi yake. Ile ndiyo harufu ya Kibarani."

Nabiha akauchomoa mkono. Mwezi mzima aliamini amerogwa, au ameibiwa, au vyote viwili. Kumbe ni kifuniko kisichozidi ukubwa wa kisahani cha kahawa.

"Injini je?"

"Injini nzima! Natoa kifuniko hicho, natia kipya, nasafisha njia zote za maji mpaka chumvi itoke, natia kulanti, dawa ya kupooza injini, na maji yaliyochujwa. Kesho unabeba bibi harusi."

"Umesikia jina la ugonjwa, shemeji?" Nabiha alisema. "Au nikuandikie?"

Mzamil akatazama tena saa yake.

Hapo ndipo hadithi ingeisha kama watu wangekuwa wema.

* * *

Mutunga alimwaga maji yote kwenye beseni, akafungua bomba la moto, akaingia chini ya gari na nyundo na tindo. Walisikia ko, ko, ko. Kisha nyundo ikasimama.

"Fundi?"

Alitoka amekishika kile kifuniko kwa vidole viwili. Akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakipangusa kwa brashi ya waya. Akamwita Nabiha peke yake kwa kidole.

"Kutu inakula vipi, Bi Nabiha? Umewahi kuona bati la nyumba?"

"Inakula ovyo ovyo. Inachanika."

"Tazama hili tundu."

Lilikuwa katikati kabisa. Dogo, kama la sindano ya gunia. Na lilikuwa duara.

"Hili limetobolewa," Mutunga alisema. "Kwa keekee ya kutobolea chuma. Aliyefanya hivi ni mtu anayejua kazi; alichagua mahali ambapo mtu haoni, na alikuwa chini, gari limeinuliwa juu."

Nabiha aligeuka taratibu. Mzamil alikuwa akifuta grisi kwenye kanzu, akifuta palipo safi.

"Na nitakwambia jambo lingine," Mutunga akaendelea, na safari hii alipaza sauti ili Bi Tumu asikie. "Kwa tundu hili, gari hili lilitakiwa life siku mbili. Maji yaishe, dereva asijue, injini iungue. Halikufa. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu alitia birika zima kila adhuhuri. Na ile chumvi yake ikaganda mdomoni mwa tundu, ikaliziba nusu. Mama, maji yako si mazuri kwa injini, siwezi kukudanganya. Lakini yamemshinda mtu."

Bi Tumu aliondoa buibui usoni. Alimtazama mwanawe.

"Mzamil," Nabiha alisema. Neno shemeji lilikuwa limekwisha kinywani mwake. "Gari hili limeinuliwa mara moja tu tangu Muhdhar afe. Ulilichukua wewe, mwezi jana, ukasema waenda kuliosha chini. Uliliosha wapi?"

"Kwani nikumbuke kila mahali..."

"Wapi?"

Simu ya Mzamil ikalia. Aliitazama, akataka kuikata. Mkono wa Bi Tumu, ule ule wenye hina, ukaichukua.

"Pokea hapa tusikie sote. Mimi ni mamako."

Mutunga akabonyeza kwa kidole cha grisi. Sauti ya Sheikhan ikajaza kibanda, nene, yenye kushiba.

"Mzamil! Asalaam alaykum. Nasikia mko kwa yule fundi wa bara. Mwambie asijisumbue na kile kifuniko cha nyuma, kipya chake hakipatikani Mombasa hii. Nitalichukua hivyo hivyo lilivyo."

Simu ikakatwa.

Kile kifuniko kilikuwa bado mkononi mwa Mutunga, kimetoka robo saa iliyopita. Nani alimwambia Sheikhan habari za kifuniko cha nyuma?

Wenye kumbukumbu watakumbuka mikokoteni ya maji. Ilikuwa mingi mitaani mwetu, kila mmoja na mwenyewe. Kisha ekseli zikaanza kuvunjika, mmoja leo, mmoja kesho, watu wakasema bahati mbaya. Mkokoteni wa mwisho ulipovunjika, matangi ya maji ya Sheikhan yalikuwa yamekwisha kupakwa rangi, tayari kuuza. Hiyo bahati mbaya ina karakana yake.

"Aliniambia nilipeleke yadini kwake," Mzamil alisema, macho chini. "Alisema ni zawadi ya Idi. Kuoshwa bure. Nikaenda kunywa kahawa. Wallahi sikujua, mama. Niliporudi lilikuwa linang'aa."

"Ukauza gari la nduguyo kwa kikombe cha kahawa!"

"Sikuliuza kwa..."

Nabiha alikuwa amefika mbele yake. "Maliza. Hukuliuza kwa nini?"

Mzamil alikikunja kitambaa chake. "Nilidhani injini imekufa. Nilidhani nawaokoa. Shemeji, kikao cha Jumatano kilikuwa cha kukuridhisha tu. Kitabu cha gari nilimpa Sheikhan Jumanne. Nimeshatia sahihi."

"Sahihi ya nani?" Bi Tumu alisimama. Kibao kikaanguka nyuma yake. "Gari la mwanangu aliyekufa. Mkewe yuhai, mimi mamake nihai. Umetia sahihi ya nani, Mzamil?"

Mzamil akageukia mlangoni. Jibu lilikuja kutoka nje.

Lilikuja kinyumenyume, likipiga ile milio ya kuonya watu wapishe: lori la kuvutia magari, mnyororo unaning'inia, wanaume wawili wameshikilia mlango. Likaziba mwanya wote wa gereji. Mmoja akaruka chini na karatasi ya mauzo ya Sheikhan mkononi.

"Probox nyeupe! Mwenye ufunguo ni nani?"

Mutunga alichukua spana kubwa, akasimama mbele ya boneti. "Gari limefunguliwa tumbo. Haliendi popote."

"Halihitaji kwenda, mzee. Tunalibeba."

Nabiha hakumtazama Mutunga wala Mzamil. Alifungua mlango wa dereva akaingia. Injini ilikuwa kavu, tundu wazi, bomba la moto liko sakafuni. Hata angewasha, lingeungua mbele ya macho yake kabla halijafika barabarani. Akapandisha vioo, kimoja baada ya kimoja.

Mlango wa abiria ukafunguliwa. Bi Tumu akaingia, akaketi, akaweka sawa buibui lake kama anayekwenda maziko.

"Funga kwa ndani, mwanangu," alisema. "Na walibebe na sisi."

Nje, yule mwanamume akaufikisha mnyororo chini ya gari. Wakasikia chuma kikigusa chuma, kisha magurudumu ya mbele yakaanza kuiacha ardhi.